Kofia Niliyoishona Nikimsubiri Mama

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huhitaji huduma hiyo mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa 4 hivi, mbali na muda wa kupimwa uzito, kuunganishwa mipira, na kubanwa pale sindano zilipotoka mpaka damu ikatike. Muda huo wa mgonjwa huandikwa kwenye faili lake, lakini muda wa aliyemsindikiza hauandikwi popote, ingawa ni mrefu kuliko wa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa msindikizaji hufika mapema kumshikia nafasi, na hubaki nyuma kushughulikia karatasi na dawa. Mama yangu alipoanza matibabu hayo hapa Unguja, mimi ndiye niliyekuwa karibu naye, na benchi la nje ya chumba cha mashine likawa mahali pangu pa kukaa asubuhi nzima.

Nilikwenda na kitabu, nikakuta macho yanapita juu ya maneno na akili iko ndani ya chumba. Simu nayo haikunifaa, kwa sababu kila nilipoifungua nilijikuta nasoma habari za figo, na mtu anayesubiri mgonjwa hana haja ya kuongezewa hofu na watu asiowajua. Nilichokihitaji ni kazi ya kushughulisha vidole na kuacha masikio huru, maana muuguzi anaweza kutokea mlangoni wakati wowote na kuita jina la mgonjwa, na anayeitika kwa kuchelewa huwapa shida wote wawili. Ndipo nilipoikumbuka kazi niliyofunzwa na bibi yangu tangu utotoni, ya kushona kofia za mkono.

Kofia hizi zinajulikana na kila mtu wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Unguja, Pemba na visiwa vya Ngazija, na zilivuka bahari zamani kufuata watu na biashara, hata leo huko Oman kofia ya namna hii ni sehemu ya vazi la kila siku la wanaume, wenyewe wakiiita kumma. Wengi huivaa bila ya kujua namna inavyojengwa, na kwa kuwa ujenzi wake ndio unaoifanya kuwa kazi bora kuliko zote ya mtu anayesubiri, inanipasa niueleze kwa urefu kidogo.

Kofia ina vipande viwili tu: cha juu, ambacho ni cha mviringo, na cha ubavu, ambacho ni ukanda mrefu unaozunguka kichwa. Kila kipande ni tabaka mbili za kitambaa cheupe cha pamba zilizolazwa pamoja na kushonwa bandi ili zisiteleze. Juu yake huchorwa nakshi kwa penseli laini, na ndani ya nakshi hiyo huwekwa alama za vitundu, vingi kiasi kwamba mtu asiyeizoea kazi hii akivitazama hukata tamaa. Kila kitundu hufunguliwa kwa ncha ya kitu chembamba cha kutobolea, na mshonaji mzuri hazikati nyuzi za kitambaa bali huzisukuma pembeni zijibane zenyewe, kwa sababu tundu lililokatwa hulegea baada ya kufuliwa mara chache. Kisha sindano huingia kitunduni na kutokea nje kidogo ya ukingo, ikarudi kitunduni na kutokea tena pembeni ya pale ilipotokea mwanzo, uzi ukivutwa kwa nguvu zilezile kila mara, mpaka ukingo wote uvikwe uzi na kitundu kibaki wazi, kidogo na cha mviringo kamili. Ncha ya uzi hupitishwa chini ya mishono iliyokwisha kukaa, ikafichwa, na hapo mkono huhamia kitundu cha jirani. Bibi alikuwa akikipitisha kidole gumba juu ya kazi yangu huku ameangalia pengine, na akihisi kinundu cha fundo aliniambia nikifumue, kwa kuwa kofia hukaa juu ya ngozi ya kipara na fundo moja humkera mvaaji siku nzima. Vitundu hivyo pia ndivyo vinavyopitisha hewa, na katika miezi ya kaskazi mvaaji hutambua mara moja tofauti kati ya kofia iliyotobolewa vizuri na ile ambayo nakshi yake ni ya uzi mtupu.

Ukiutazama mpangilio huo utaona kwamba kila kitundu ni kazi iliyokamilika peke yake. Anayeitwa katikati ya kitundu hupoteza mishono michache tu, na akirudi baada ya saa nzima huona mara moja alipofikia bila ya kuhesabu wala kukumbuka. Nimejaribu kazi nyingine kwenye benchi lile, na nimejifunza kwamba hii ndiyo sifa ya kwanza ya kutafuta. Darizi ya mishono ya msalaba, kwa mfano, ni nzuri mno nyumbani, lakini huhitaji kuhesabu nyuzi za kitambaa kulia na kushoto, na aliyekatizwa hesabu hulazimika kuanza upya. Na katika chumba cha kungojea, kukatizwa ndiyo hali ya kawaida. Mashuka ya kudarizi nayo, yale ya maua ya rangi ambayo mabibi harusi wetu huandaliwa, yanataka fremu na nafasi ya viwiko, na shuka lenyewe hukokota sakafuni. Niliwaonea huruma waliokuwa wakiyabeba, na nikawashauri waje na foronya badala yake, maana foronya hukaa mapajani na nakshi yake ni ileile.

Siku moja alikaa karibu nami mama mmoja wa shamba aliyemleta mumewe. Baada ya kuamkiana, alitoa kwenye mfuko wake msokoto wa ukili akaanza kusuka miyaa, na vidole vyake viliendelea kwenda hata alipogeuka kuniuliza hali ya mgonjwa wangu. Nilimtazama kwa makini, kwani alikuwa ananionyesha kanuni ambayo nilikuwa nikiifuata nusunusu bila ya kuijua. Ukili husukwa popote, njiani, kibarazani, hata kisimani wakati wa kungoja zamu, kwa kuwa ni ukanda mwembamba unaojiviringisha kadiri unavyorefuka. Lakini kuchana na kutia rangi miyaa hufanywa nyumbani kabla, na kuuunganisha ukili uwe mkeka hufanywa nyumbani baadaye, pale penye sakafu pana. Wazee wa kazi hii waliigawa kazi moja katika sehemu ya kukaa na sehemu ya kutembea nayo, na wala hawakuzichanganya.

Tangu siku hiyo niligawa na yangu vivyo hivyo. Kazi zote zinazotaka meza, mkasi mkubwa au uamuzi hufanywa nyumbani usiku: kupima kichwa, kukata, kuchora nakshi, kupiga bandi, kuchagua uzi. Kazi zinazotaka mkono na subira ndizo zinazokwenda hospitali. Nikimaliza vipande viwili huviunganisha nyumbani, kwa sababu hatua hiyo haivumilii kukatizwa: mzunguko wa kichwa cha mtu mzima huwa sentimita 56 au 58 au zaidi kidogo, na ukanda wa ubavu ukivutwa ovyo wakati wa kuushona kwenye mviringo wa juu, kofia hukaa upande. Kuifua, kuitia kanji na kuikausha ikiwa imevishwa kitu cha mviringo cha kimo chake, hizo nazo ni kazi za nyumbani. Msomaji anayetaka kuanza kazi yoyote ya kubeba, hata isiwe kofia, namsihi aanze kwa kuitenganisha hivi, kwani wengi wanaoshindwa hushindwa kwa kubeba kazi nzima, na si kwa uvivu.

Vifaa vyangu ni vichache kwa makusudi. Nina kibati kilichokuwa cha peremende, na ndani yake nimebandika kipande cha fulana nzito cha kuchomekea sindano. Sindano zenyewe ni 3, zinahesabiwa nikiketi na zinahesabiwa tena kabla sijainuka, kwa sababu sindano iliyoanguka sokoni ni hasara ndogo, lakini sindano iliyookotwa sakafuni hospitalini humtia hofu kila mtu, na kwa haki. Kuna kastabani ya chuma, iliyokuwa ya bibi, bila ya hiyo kidole cha kati hutoboka kwa kusukuma sindano katika tabaka mbili. Kuna kikata kucha badala ya mkasi: hukata uzi vizuri, hakimchomi mtu, na hata kwenye viwanja vya ndege, ambako sheria za mikasi hutofautiana, sijawahi kusimamishwa kwa ajili yake. Nyuzi huwa zimekwisha kukatwa nyumbani kwa urefu wa kutoka kwenye ncha za vidole mpaka kiwikoni au kupita kidogo, na kila mmoja umevutwa mara moja juu ya nta ya nyuki, au mshumaa ikikosekana. Uzi mrefu zaidi ya hapo hujisokota, na kufumbua uzi uliojisokota katika benchi lililojaa watu ni jambo linalomaliza subira haraka kuliko kungoja kwenyewe.

Usafi wa kazi nyeupe unastahili aya yake. Benchi la hospitali limekaliwa na wengi, kwa hiyo kazi haiwekwi juu yake hata kidogo. Nilishona mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kuvuta, na juu ya mapaja hutandika leso safi ambayo upande wake wa juu daima ni uleule mmoja. Wakati wa joto mikono hutoka jasho, na jasho hugeuza uzi mweupe kuwa wa kijivu kabla kofia haijafika nusu, basi huwa na kitambaa kingine cha kufutia viganja, na nikishakula chochote chenye mafuta siigusi kazi mpaka ninawe kwa sabuni. Penseli ya nakshi iwe hafifu, kwa kuwa ile nzito huchanganyika na jasho na kupaka. Kuhusu mwanga, mahali pazuri ni upande wa dirisha ambapo nuru inaingia kutoka kushoto, kwa anayeshona kwa mkono wa kulia. Taa za ukumbini hazitoshi kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na anayelazimisha ataamka kesho yake macho yakimuuma. Siku ambazo nafasi ya dirishani ilikuwa imechukuliwa, nilikuwa na kazi ya pili mfukoni isiyotaka macho.

Kazi hiyo ya pili mara nyingi ilikuwa kupinda kanga. Kanga huuzwa kwa doti, mbili zikiwa zimeshikana, na anayenunua huzitenganisha. Pande ndefu zina ukingo wa kiwandani usiofumuka, lakini pande fupi zote huwa na nyuzi zinazoning'inia, kwa hiyo doti moja ina pindo 4 za kushona. Fundi wa cherehani humaliza kazi hiyo kwa dakika chache, na sina neno na mafundi, lakini pindo la mkono lililokunjwa jembamba mara mbili na kushonwa kwa mishono midogo hulala vizuri zaidi kwenye mwili, na mkono uliozoea hulishona bila ya kutazama sana. Wanawake wenzangu wa benchini waliposikia, walianza kuja na doti zao, wakapinda wenyewe. Mwezi wa Januari shule zinapofunguliwa, kazi ikawa kushusha mapindo ya sare za watoto waliorefuka: kufumua mshono wa zamani, kuufuta mstari wake kwa maji kidogo, kukunja upya na kushona. Hizo si kazi za sifa, lakini zilihitajika, na nyumba nyingi ziliziahirisha kwa kukosa muda, ilhali muda ulikuwepo, umekaa kwenye benchi.

Chombo kinachotembea ni habari nyingine. Mara kadhaa tulilazimika kuvuka kwenda Dar es Salaam kwa vipimo, na boti ya mwendo wa kasi huchukua takriban saa 2. Bahari ikiwa shwari, kupinda kanga kunawezekana. Lakini msimu wa kusi unapovuma, sindano mkononi ni hatari kwa mshonaji na kwa jirani yake, na kutazama karibu huharakisha kichefuchefu. Ninachokifanya ndani ya boti ni kupaka nyuzi nta na kuzikunja moja moja. Bandarini, ambako abiria hufika mapema wakakaa sana, kazi kamili inatoka mfukoni, na hapo nimemaliza vitundu vingi. Kwenye daladala sishoni kabisa.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama kushona mbele ya wagonjwa si kukosa huruma, na swali hilo nililichukua kwa uzito. Jibu langu ni kwamba inategemea macho ya mshonaji yako wapi. Daktari akizungumza, kazi hufungwa na kuwekwa mfukoni, hata kama habari si za mgonjwa wako, kwa sababu mwenye mgonjwa huyo anahitaji kuona watu waliokaa naye wanamheshimu. Habari za msiba zikifika, hakuna kinachotolewa tena siku hiyo. Lakini katika saa zile ndefu ambazo hakuna anayeitwa, mtu mwenye kazi mkononi ni rahisi kusemeshwa kuliko mwenye simu, na nimesikia mambo ambayo wenyewe waliniambia hawajawaeleza hata watoto wao. Nadhani ni kwa sababu anayeshona hamkodolei macho anayezungumza naye. Humsikiliza huku akitazama mikono yake, na mwenye jambo zito hupata sitara ya kulisema.

Mzee mmoja wa Pemba, aliyekuwa akimleta mkewe, alikaa siku nyingi akitazama tu. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu," akajibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akarudi kimyani, mpaka asubuhi moja alipounyoosha mkono na kuniomba kipande. Alikigeuza upande wa ndani, kwani mjuzi wa kofia huanzia ndani, akaniuliza ni nani aliyenifunza. Nilipomwambia ni bibi, alisema kwamba ujana wake na yeye alikuwa akishona, na kwamba mkono wake sasa unatetemeka lakini nakshi bado anazo kichwani. Nilimpa penseli na karatasi. Mistari yake ilitikisika, lakini mpangilio ulikuwa sahihi, duara ndani ya duara, na majani yanayokutana ncha kwa ncha bila ya kubakisha pengo, jambo gumu sana kwenye ukanda wa ubavu ambao mwisho wake lazima ukutane na mwanzo wake. Nakshi hiyo ninayo na nimekwisha kuishona. Kama nisingekuwa na kazi ile mkononi, ingebaki kichwani mwake, na sisi wawili tungeendelea kuamkiana.

Vijana nao walivutika, na hapa nina ushauri kwa atakayeombwa kufundisha. Usimwanzishe mtu kwenye kofia yako wala kwenye kofia mpya; mpe kipande cha kitambaa chakavu cha tabaka mbili, mchoree safu fupi ya vitundu vikubwa kidogo, na umwache avivike vyote hata kama vya mwanzo vimepinda. Kijana mmoja aliyekuwa akimsindikiza dada yake alivika vitundu vyake kwa nyuzi nyeusi ili avione vizuri, na nikaichukua mbinu hiyo moja kwa moja, kwani makosa ya mshono huonekana wazi na mwanafunzi hujirekebisha bila ya kuambiwa.

Swali la fedha halikwepeki. Kofia ya mkono huuzwa kwa bei iliyo mara nyingi zaidi ya ile ya mashine, na wapo wanaoishi kwa kazi hii, lakini kwa mtu anayesubiri mgonjwa ninasema wazi kwamba kazi ya kungojea isiwe na tarehe. Nilikataa kofia ya bwana harusi iliyokuwa na siku yake, ingawa malipo yalikuwa mazuri. Kuna asubuhi ambazo shinikizo la damu la mama hushuka, tukazunguka vyumba mpaka magharibi, na kofia yenye tarehe ingekuwa deni juu ya mzigo. Zinazouzwa ni zile zilizokwisha kumalizika, kwa wakati wake.

Mama mwenyewe hawezi kushona akiwa kwenye mashine, kwa kuwa mkono wenye mshipa ulioandaliwa lazima utulie, lakini kazi hii ni yake pia. Tukifika nyumbani, baada ya kupumzika, huomba kipande akakiinua kuelekea dirishani, nuru ipite vitunduni, na kile ambacho si cha mviringo hukiona kabla sijamaliza kuketi. Siku asizokwenda hospitali yeye ndiye anayekata nyuzi na kuzipaka nta. Kofia iliyopo mkononi sasa ni ya mjukuu wake wa kwanza, kwa ile nakshi ya mzee wa Pemba. Ubavu umebakiza safu ya chini, na ameniagiza nisiianze mpaka tupate uzi wa duka lilelile tulilonunua mwanzo, kwa sababu weupe wa uzi hutofautiana duka kwa duka na yeye hataki tofauti hiyo ionekane usoni mwa mtoto.